Sindano, Mofini na Mahakama: Daktari wa Maumivu Anajikingaje na Kesi

Mwaka 1974 mama mmoja wa Kiingereza, Amy Sidaway, alifanyiwa upasuaji wa shingo jijini London. Alikuwa na maumivu ya shingo na bega yaliyomwandama kwa muda mrefu, na bingwa wa upasuaji wa neva alitaka kuuondolea mshipa wa fahamu shinikizo lililokuwa likiubana. Katika upasuaji huo ugwe mgongo, ule waya mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti, ukaumia. Mama akabaki na ulemavu mkubwa. Alipokwenda mahakamani, kilio chake hakikuwa kwamba mkono wa daktari uliteleza, bali kwamba hakuambiwa jambo kama hilo linaweza kumpata. Kesi iliposikilizwa daktari alikuwa amekwisha kufariki. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walizungumza nini siku ile, ikabidi jaji ayajenge upya mazungumzo yao kutokana na mazoea ya marehemu: kwamba huenda alimtajia hatari ya kuumia mshipa mmoja, lakini hakumtajia ugwe mgongo, ambao hatari yake ilikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 1985 mama Sidaway alishindwa katika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu sheria ya ridhaa ya mgonjwa, ambayo madaktari wengi huiona kama mzigo wa karatasi uliobuniwa na wanasheria, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya shingo na migongo ya watu waliokwenda hospitali kutafuta nafuu ya maumivu.

Daktari wa maumivu yuko mahali pagumu kuliko wenzake wengi. Mgonjwa wa moyo akifariki mezani, jamaa zake walikwisha kuona kifo kinamnyemelea. Mgonjwa wa mgongo aliingia kwa miguu yake, amebeba mkoba wake, ameaga nyumbani kwamba atarudi kupika chakula cha jioni. Maumivu yake hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu. Tiba aliyopewa haikuwa ya kuokoa roho, na angeweza kuiahirisha wiki ijayo au mwaka ujao. Akitoka hospitali akiwa amekalia kiti cha magurudumu, kila mtu huuliza swali moja: ilikuwa lazima? Daktari asiyeweza kulijibu swali hilo kwa maandishi ya siku ileile ameshaanza vibaya, hata kama sindano yake ilikwenda sawasawa.

Uzembe ni nini hasa

Watu wengi hudhani tiba ikiharibika basi daktari ana hatia. Sivyo. Mlalamikaji ana mambo manne ya kuthibitisha: daktari alikuwa na wajibu kwake, alishuka chini ya kiwango kinachotakiwa, kushuka huko ndiko kulikoleta madhara, na madhara yenyewe yapo. Ubishi mkubwa huwa kwenye la pili na la tatu.

Kiwango chenyewe, kwa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kilielezwa katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957, ya mgonjwa aliyetibiwa kwa mshtuko wa umeme bila dawa ya kulegeza misuli, akavunjika nyonga. Msimamo uliotoka pale ni kwamba daktari hana uzembe ikiwa alifanya kama ambavyo kundi la wataalamu wanaowajibika lingefanya, hata kama wapo wengine ambao wangefanya tofauti. Miaka 40 baadaye, katika kesi ya Bolitho, malodi waliongeza sharti: wataalamu hao nao lazima wawe na hoja inayosimama kimantiki. Kusema tu "sisi hapa tumezoea hivi" hakutoshi. Ndiyo maana miongozo ya vyama vya kitaalamu ina uzito mkubwa. Si sheria, lakini wakili wa mgonjwa ataiweka mezani. Daktari anaruhusiwa kabisa kuiacha pale mgonjwa wake anapotofautiana na wengine, ila aandike sababu siku hiyohiyo. Sababu iliyoandikwa baada ya barua ya wakili kufika haimsaidii mtu.

Hukumu za London haziwafungi majaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, lakini husomwa sana huko. Kenya na Tanzania humpa mtu miaka 3 kufungua madai ya aina hii, na zaidi ya mahakama kuna mabaraza ya kitaaluma, kama Baraza la Madaktari Tanganyika na lile la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, ambayo husikiliza malalamiko na yana mamlaka juu ya leseni. Ndani ya miaka 3 daktari mwenye kliniki yenye watu ameona maelfu. Hatakumbuka sura ya mlalamikaji, lakini mlalamikaji atakumbuka mpaka rangi ya shati alilovaa daktari.

Mazungumzo kabla ya sindano

Baada ya Sidaway ilikuja kesi ya mama mwingine, Chester, naye wa maumivu ya mgongo. Alifanyiwa upasuaji wa diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, mwaka 1994, neva za chini ya uti zikaumia. Mahakama ilikubali kwamba upasuaji wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kutomweleza hatari ya asilimia 1 hadi 2 ya kuumia namna hiyo. Mama huyu hakudai kwamba angeelezwa asingekubali kamwe. Alisema tu kwamba asingekubali siku ile, angekwenda kutafuta ushauri zaidi. Mwaka 2004 malodi 3 dhidi ya 2 walimpa haki. Kisha mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya asilimia 9 hadi 10 ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua, iliuacha msimamo wa Sidaway, ulioacha madaktari ndio wawe kipimo cha nini mgonjwa aelezwe. Tangu hapo kipimo cha nini kielezwe hakitoki tena kwa madaktari wenzako. Swali ni kama mtu wa kawaida aliye katika hali ya mgonjwa huyu angeiona hatari hiyo kuwa ni jambo kubwa, au kama daktari anajua, au alipaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu mwenyewe angeiona hivyo.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobadilisha kazi. Haiwezekani kujua mgonjwa huyu anathamini nini bila kuzungumza naye.

Tuseme kuna mama wa miaka 58, muuza vitenge, maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo wa kushoto, na picha imeonyesha diski iliyobonyea. Amependekezewa sindano ya steroidi karibu na mshipa unaobanwa. Katika hospitali nyingi mambo huenda hivi: ameshavua nguo na kuvaa gauni la kijani, kanula iko mkononi, muuguzi anamletea fomu ya Kiingereza ya kurasa mbili na kumwambia, "Mama, weka sahihi hapa, na hapa." Anaweka. Kwa macho ya sheria ya leo, sahihi ile inathibitisha kwamba mama anajua kuandika jina lake.

Sasa tuseme wiki moja kabla amekaa na daktari mezani.

"Mama, sindano hii haiponyi diski. Inatuliza uvimbe kwenye mshipa. Wapo wanaopata nafuu ya wiki kadhaa au miezi, wapo wasiopata kabisa."

"Na ikikosea, daktari?"

"Kwa wengi ni maumivu ya siku mbili tatu pale ilipochomwa, au kichwa kuuma. Sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Mara chache sana damu huvujia ndani au usaha huingia karibu na mishipa ya fahamu, na mtu anaweza kupooza. Ni nadra, lakini imewahi kutokea, ndiyo maana nakwambia."

"Sukari kupanda? Mimi nina kisukari. Sikuandika kwenye fomu, nilidhani mnauliza habari za mgongo tu."

Hapo daktari anaweka kalamu chini na kuanza upya: dawa za sukari, vipimo vya karibuni, hatari ya maambukizi. Mama anauliza asipochoma itakuwaje, anaambiwa ukweli kwamba wengi wenye diski kama yake hupata nafuu kwa mazoezi na muda, ila huchukua wiki nyingi, na yeye kazi yake ni ya kusimama kutwa. Anaomba siku tatu za kufikiri. Jalada linaandikwa: mgonjwa ana kisukari ambacho hakikutajwa awali, ameuliza kuhusu kusubiri, ameelezwa kupooza, maambukizi, sukari na uwezekano wa kutopata nafuu, anaogopa zaidi kukosa biashara kuliko maumivu yenyewe, atarudi Alhamisi. Mistari minne. Jaji akiisoma miaka mitatu baadaye ataona kwamba watu wawili walizungumza, kwa sababu hakuna fomu iliyochapishwa inayoweza kubuni habari ya biashara ya vitenge.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka maelezo haya yatolewe, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Tusichukulie jambo hili kirahisi. Mtoto wa mgonjwa akiwa mkalimani, "anaweza kupooza" hugeuka "mama usiogope, ni sindano tu," kwa sababu ya mapenzi. Kama mgonjwa ni wa kijijini na Kiswahili chake ni cha sokoni, atafutwe muuguzi anayejua lugha yake, na jina la muuguzi huyo liandikwe.

Pale sindano inapokwenda shingoni

Chama cha Madaktari wa Usingizi wa Marekani kina utaratibu wa kukusanya majalada ya madai yaliyokwisha kufungwa na kuyachambua. Uchambuzi mmoja uliotoka mwaka 2011 ulipitia madai 294 ya tiba ya maumivu sugu ya miaka ya 2005 hadi 2008. Kati ya hayo, 64 yalihusu taratibu za shingoni. Kwenye madai hayo ya shingo, asilimia 59 yalikuwa ya kuumia kwa ugwe mgongo, dhidi ya asilimia 11 kwenye madai mengine ya maumivu. Walioumia hawakuwa wagonjwa mahututi. Wengi walikuwa watu wenye afya nzuri, na wanawake walikuwa wengi zaidi.

Kuna jambo jingine pale ambalo kila kliniki ingepaswa kulibandika ukutani. Dawa ya usingizi au ya kusinziisha ilitumika katika asilimia 67 ya madai ya shingo ambapo ugwe mgongo uliumia, lakini katika asilimia 19 tu ya yale ambapo haukuumia. Maana yake inaeleweka ukiwa umesimama pale. Mgonjwa amelala kifudifudi, sindano inasogea milimita moja moja chini ya eksirei, na mlinzi wa mwisho ni mgonjwa mwenyewe akisema, "Daktari, nimehisi umeme mkononi." Aliyelazwa usingizi hasemi. Kumsinziisha mtu sana kwa ajili ya sindano ya dakika 15 ni kumnyamazisha shahidi pekee anayejua ncha ya sindano iko wapi. Nawaelewa madaktari wanaofanya hivyo kwa huruma, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huomba. Ila mgonjwa akielezwa sababu hukubali kubaki macho, na dawa ya ganzi ya kawaida ikiwekwa vizuri hutosha kwa wengi.

Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza vibandiko vya steroidi zinazodungwa vitaje wazi hatari adimu za sindano za karibu na uti: upofu, kiharusi, kupooza na kifo. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu lilitoa mapendekezo ambayo sasa mawakili wanayajua vizuri kama madaktari. Sindano ya shingoni ipitie chini, hasa kati ya pingili ya saba ya shingo na ya kwanza ya kifua, isipande juu ya nafasi iliyo kati ya pingili ya sita na ya saba, na picha za mgonjwa zipitiwe kwanza kuona kama kuna nafasi ya kutosha. Eksirei itumike, pamoja na dawa inayong'aa kwenye eksirei ili kuona dawa inaelekea wapi kabla ya kuisukuma. Na kwa njia ya pembeni ya shingo, steroidi zenye chembechembe zisitumike kabisa. Chembe hizo zikiingia kwenye mshipa mdogo wa damu unaolisha ubongo au ugwe mgongo huuziba kama mchanga kwenye bomba. Deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, haina chembe kubwa za aina hiyo. Kwa kiuno kupitia njia hiyo ya pembeni, ilipendekezwa deksamethasoni ianze.

Dawa za kuyeyusha damu ni mtego wenye meno pande mbili. Ukimchoma mtu anayetumia wafarini au klopidogreli bila kusimamisha, damu inaweza kuvujia karibu na ugwe mgongo. Ukisimamisha bila kumuuliza daktari wake wa moyo, kifaa kilichowekwa kwenye mshipa wa moyo kinaweza kuziba. Kwa kawaida wafarini husimamishwa siku 5 na damu ikapimwa, klopidogreli hadi siku 7, lakini uamuzi ni wa madaktari wawili na jalada litaje walizungumza lini na wakakubaliana nini. Mgonjwa huulizwa tena asubuhi ya sindano, maana wapo wanaoendelea kumeza kimyakimya kwa kuogopa moyo.

Upande wa kulia au kushoto uandikwe kwa kalamu kwenye ngozi mgonjwa akiwa macho. Mchanganyiko wa mafuta ya lipidi wa asilimia 20 uwepo chumbani kwa ajili ya sumu ya dawa ya ganzi. Haya yanajulikana, nayapita.

Nisichotaka kukipita ni chupa yenyewe. Mwaka 2012 duka la kuchanganya dawa la Framingham, Massachusetts, New England Compounding Center, lilisambaza steroidi iliyoingia kuvu. Chupa zilikwenda kwenye kliniki za maumivu katika majimbo mengi. Zaidi ya watu 750 waliugua, wengi kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu, na zaidi ya 60 walifariki. Madaktari waliochoma hawakuona chochote, maana dawa ilionekana safi. Lakini kliniki nazo zilishtakiwa, na swali likawa: kwa nini mlinunua pale? Daktari anayeagiza dawa anapaswa kujua nani ameitengeneza, kama ina kibali cha mamlaka ya nchi, na namba ya toleo la kila chupa iandikwe kwenye jalada la kila mgonjwa. Huko Marekani, kujua nani alichomwa chupa ipi ndiko kulikowezesha watu kutafutwa na kuanzishiwa tiba kabla hali haijawa mbaya.

Halafu kuna simu ya usiku. Mgonjwa alichomwa asubuhi, saa mbili usiku mwanawe anapiga: mama anasema miguu imekuwa mizito, na tangu jioni hajaweza kukojoa. Anayepokea ni mlinzi au muuguzi wa zamu ambaye hakuwepo asubuhi. "Ampe panadol, aje Jumatatu." Hapo ndipo kesi inapozaliwa, kwa sababu damu iliyovujia karibu na ugwe mgongo inahitaji kuondolewa kwa upasuaji, na matumaini ya kutembea tena ni makubwa zaidi ikifanyika ndani ya saa 8 hivi tangu dalili zianze. Kuvuja kwenyewe huenda hakukuwa uzembe. Kuchelewa ni uzembe. Kila anayeshika simu ya kliniki awe na karatasi yenye maneno machache: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo kukwama, homa na maumivu ya mgongo yanayozidi, mpigie daktari sasa hivi hata kama amelala. Mgonjwa naye aende nyumbani na karatasi hiyohiyo, kwa Kiswahili, yenye namba inayopokelewa.

Dawa kali: kuzidisha na kunyima

Kwenye vidonge Marekani imepita njia ya maumivu yenyewe. Mwaka 2016 daktari wa California, Hsiu-Ying Tseng, alihukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa mauaji ya wagonjwa 3 aliowaandikia dawa za jamii ya mofini. Aliendelea kuandika ingawa alikuwa akipigiwa simu na wachunguzi wa vifo kwamba watu wake wanakufa. Mwaka 2022, katika kesi ya Ruan, Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka mpaka: ili kumtia daktari hatiani kwa jinai, serikali ithibitishe kwamba alijua, au alikusudia, kuandika dawa nje ya tiba halali. Wengi walipumua. Lakini hilo ni la jinai. Katika madai ya fidia hakuna haja ya kuthibitisha kwamba ulijua. Inatosha kwamba ulipaswa kujua, na kwamba dalili zilikuwa mbele yako: mgonjwa anakoroma na kuacha kupumua usingizini, anatumia pia dawa za wasiwasi za jamii ya valiamu, ameishiwa dawa kabla ya siku zake mara tatu mfululizo.

Hofu ikazaa kosa la upande wa pili. Mwongozo wa mwaka 2016 wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani ulishauri tahadhari kuanzia miligramu 50 za mofini au kiasi kinacholingana nazo kwa siku, na kuepuka kufika 90. Ulikuwa ushauri, ukageuzwa ukuta. Madaktari waliwapunguzia ghafla wagonjwa waliotumia dawa hizo kwa miaka, wengine waliwafukuza kabisa kwenye kliniki. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ilionya kwamba kukatisha ghafla kumeleta mateso makali, hata kujiua. Mwongozo mpya wa 2022 uliziondoa namba hizo kama mipaka na kusisitiza kupunguza polepole, kwa makubaliano na mgonjwa.

Na kunyima kuna bei mahakamani. Mzee William Bergman, mwenye umri wa miaka 85, alilazwa Castro Valley, California, mwaka 1998 akiwa na maumivu makali, na ilidhaniwa ana saratani ya mapafu. Wauguzi waliandika kiwango cha maumivu yake kila mara: 7, 8, 10. Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani ilikuwa 10. Alifariki muda mfupi baadaye. Watoto wake walimshtaki daktari kwa kumtesa mzee, si kwa kumwua, na mwaka 2001 baraza la wazee wa mahakama liliwapa dola milioni 1.5, ambazo sheria ya jimbo ilizishusha hadi 250,000. Zile namba za wauguzi ndizo zilizotoa ushahidi. Kila aliyepita kitandani alikuwa ameona 10 kwenye karatasi.

Kwetu tatizo hili lina uzito wake. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani karibu 300 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Daktari wa Afrika Mashariki anayesoma habari za Marekani na kuamua kutoandika mofini kwa mgonjwa wa saratani anaogopa ugonjwa wa nchi nyingine. Uganda imeonyesha inawezekana kuishi na dawa hii kwa nidhamu: tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya kunywa imefika majumbani, na tangu 2004 wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Nidhamu yenyewe ndiyo hiyohiyo inayomlinda daktari: kujua historia ya mgonjwa ya ulevi na usingizi, kuandika lengo ambalo mgonjwa analitaka (kulala usiku, kwenda kanisani, kumwogesha mjukuu), kumwona tena kabla ya kuongeza, kumweleza ndugu pa kuihifadhi dawa, na kuandika kwa nini leo umeongeza au umepunguza.

Jalada, na siku mambo yanapoharibika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa daktari mali hiyo ni maamuzi yake. Jalada zuri halihitaji urefu. Linahitaji kuonyesha kwamba uliwaza: nini umepima kwenye miguu na reflekisi kabla ya sindano, kwa nini umechagua hii na si ile, mgonjwa alisema nini. Mifumo ya kompyuta imeleta hatari mpya ya kunakili maelezo ya ziara iliyopita. Nguvu za miguu "kawaida" ziara saba mfululizo, hadi siku ile mgonjwa alipoletwa amebebwa: wakili akiona hivyo hatamwamini daktari hata kwenye yale ya kweli. Na kubadili jalada baada ya madhara ni kujimaliza. Kompyuta huhifadhi saa na dakika ya kila badiliko. Kama kuna la kuongeza, liongezwe kama nyongeza, kwa tarehe ya leo na sababu yake.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulisikiliza kanda za madaktari wa huduma ya msingi na kulinganisha walioshtakiwa na wasiowahi kushtakiwa. Wasioshtakiwa walitumia wastani wa dakika 18.3 kwa mgonjwa, wenzao 15. Waliwaeleza wagonjwa nini kitafuata, waliwauliza maoni yao, walicheka nao zaidi. Tofauti ni dakika tatu na kidogo. Mgonjwa wa maumivu sugu, ambaye ameambiwa na watu wengi kwamba anajifanya, huzihisi dakika hizo kuliko mwingine yeyote.

Madhara yakitokea, silika ya wengi ni kujificha. Simu haipokelewi, daktari anapita mlango wa nyuma, ndugu wanajibiwa na mhasibu. Chuo Kikuu cha Michigan kilifanya kinyume chake kuanzia mwaka 2001: kueleza kilichotokea, kuomba radhi na kutoa fidia pale palipokuwa na kosa, na kujitetea kwa uthabiti pale ambapo hapakuwa na kosa. Madai mapya yalishuka kutoka karibu 7 hadi karibu 4.5 kwa kila ziara 100,000 za wagonjwa kwa mwezi. Mwenye bima apige simu kwa kampuni yake mapema, siku ileile, kwa sababu baadhi ya mikataba inataka hivyo. Lakini kabla ya hapo kuna familia iliyokaa kwenye benchi la korido.

Daktari akae nao, si asimame mlangoni. Awaambie anachokijua hadi saa hiyo na nini kinafanyika sasa hivi, bila kukisia na bila kumtupia mwenzake lawama. Awape namba yake mwenyewe, na saa atakayorudi kuzungumza nao tena. Arudi saa hiyohiyo, hata kama hana jipya la kusema. Na mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, aende kumwona huko.